Zamu ya Pili

Nachora vita vya watu wawili
juu ya meza ya cherehani, Jadida, Wete,
umeme ukiwapo.
Miraba kumi na mbili kwa kumi na mbili.
Mto nimeupitisha katikati kama mshono,
kilima huku, kilima kule,
kisima kwa kisima,
daraja moja, la wote.
Kisha naikunja ramani kwa macho
kama mtu akunjavyo doti ya kanga kabla ya kuikata:
ua likae juu ya ua,
pindo juu ya pindo.

Imelingana. Naapa imelingana.
Lakini Hamad na Mbarouk wa duka la simu
wameicheza mara arubaini,
na mara ishirini na saba
kashinda aliyeanza.

Nilipaswa kulijua hilo tangu tumboni.

Baba alikuwa mtu wa mizani.
Sukari kilo Limbani, kilo Jadida.
Vitanda vya fundi mmoja, mbao za mti mmoja,
na usiku kwa zamu, mbili kule, mbili huku;
hakukosea hesabu hata msimu wa karafuu.
Hakuna kadhi ambaye angemtia hatiani.
Ila nguru wa mwanzo wa mwezi
alipita Limbani kwanza,
na habari zote zilifika kwetu
zimeshapoa, zimeliwa upande.

Kioo hakidhulumu mtu. Kutangulia ndiko.

Nikajaribu dawa. Nikampa wa pili sarafu tatu:
akanunua mpanda farasi, akawa jambazi.
Sarafu moja: haikutosha hata mkuki.
Nikasogeza msitu, nikaurudisha.
Usiku nikaota nakatazwa kuvuka daraja langu mwenyewe.

Baba tumeshamzika. Siku hizi Bi Mkasi
hushuka kutoka Limbani baada ya alasiri,
akakaa na mama wakichambua karafuu,
makonyo kikapuni, karafuu jamvini.
Nikawawekea kompyuta katikati.
"Mwekundu nani?"
"Wewe."
"Naanza mimi?"
"Si ndiye mkubwa," mama akajibu, bila kuinua uso.

Mama akashindwa. Akanyamaza. Kisha:
"Anayeanza asitembeze jeshi zima.
Atoe askari mmoja, apishe.
Nami nitoe wawili. Hapo ndipo twende sawa."
Kasema hivyo tu, akipangusa vumbi la makonyo vidoleni,
mwanamke aliyeifikiria kanuni hiyo miaka thelathini.

Nikaiandika. Na kwa siri
nikasogeza kisima cha kusini, upande wake,
mraba mmoja karibu na ngome.
Mraba mmoja. Nani angeuona?

Akauona. Akahesabu kwa ukucha,
tatu huku, nne kule,
akanitazama kama siku ile nilipochota
sukari ya futari.
"Kirudishe."
"Mama..."
"Kirudishe. Sikukuzaa uje unihurumie
mbele ya mwenzangu."

Nikakirudisha.
Wakacheza mpaka adhana ya magharibi.
Bi Mkasi akashindwa, akadai ramani imekwenda upogo.
Wakabadilishana pande.
Akashindwa tena.
Akacheka mpaka ushungi ukamdondoka.
"Kesho," akasema, akitafuta kiatu gizani,
"kesho zamu ya pili naitaka mimi."