Viini

Mpwa wangu Mundhir, dukani kwa Biju, Ruwi,
anahesabu kwa vidole:
"Viini kumi na sita, shangazi. Na hii ina ishirini na nne."
Mimi yai la viini viwili nimeliona mara moja, Wete,
na mama alikataa kulipika.

Prosesa ndiyo ubongo, ananieleza.
Haya. Ubongo wa kufanya nini?
Nina daftari la oda za kofia,
barua pepe ya Zeyana kila Ijumaa,
bili ya umeme,
na Kurani isomwe taratibu ninapokuna nazi.
Farasi wa mbio nimfunge gari la maji?

Nikamuuliza Biju: ipi haina joto?
Agosti hii ya Maskati ukuta wenyewe
unakupumulia usoni.
Kiyoyozi kinaguna usiku kucha,
sitaki feni nyingine inigombeze mezani.

Biju akainama chini ya kaunta,
akatoa kiboksi chenye vumbi pembeni. Viini vinne.
"Mimi nyumbani natumia hii hii,"
kwa Kiswahili alichookota kwa wateja.

Mundhir kanuna mpaka taa za Wadi Kabir.

Riali sabini zilizobaki
nikaongezea kumbukumbu, nane juu ya nane,
na kioo kipana, kwa ajili ya macho.

Leo alfajiri nimeiwasha. Kimya.
Nikadhani imekufa.
Nikaiwekea kiganja ubavuni,
kama mtu anavyompapasa mtoto mwenye homa:
vuguvugu tu.