Kiwiko cha Tatu

Wengine wanasema ni kichuguu.
Wengine, pweza, ingawa hapa Lubumbashi
pweza tumemwona kwenye kitabu cha shule tu.
Mama Kapinga wa mikate anasema
ni utumbo wa mbuzi uliotupwa barabarani,
na mchongaji, Bwana Mwepu, alipomsikia
alicheka hadi akavua miwani.

Mimi najua ni nini. Ni mabomba.
Mabomba ya shaba tuliyoyafumua
kwenye nyumba za kambi ya wafanyakazi
zilipobomolewa, futi kwa futi,
chokaa ingali imeyashika kama bukari wa jana.
Moja lilikuwa la jikoni kwa baba yangu.
Sijui ni lipi. Baada ya tindikali
yote yaling'aa sawa.

Siku ya uzinduzi maji yalipanda,
yakasimama juu ya rompwe kama jogoo,
yakawalowesha wakubwa na suti zao,
tukapiga vigelegele. Dakika kumi na moja.
Kisha umeme ukaenda zake.
Umeme wetu hauagi.
Shaba ikabaki kinywa wazi,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Ila kiwiko cha tatu, upande wa kuelekea Katuba,
kile kinacholishwa na bomba la mtaa, si pampu,
kiliendelea: to. To. To.

Hicho nilikichomelea mimi,
mwanagenzi, saa sita usiku, mkono unatetemeka.
Fundi alikuwa ameniambia:
shaba haidanganyiki,
ukiifanyia haraka itakusema hadharani.

Wiki nzima nilipita njia nyingine.
Wiki ya pili nikamkuta mtoto wa mayai ya kuchemsha
amekinga kopo.
Ya tatu, bidoni sita za njano kwenye foleni,
zimefungwa vitambaa zijulikane ni za nani,
na wenyewe wameketi kwenye ukingo
uliochongwa ili utazamwe,
wakisukana nywele.

Jana ofisi ya mji imenituma kuziba.
Nilikwenda na gesi, na barua yenye muhuri.
Mwanamke mmoja aliinua bidoni yake, nusu tupu,
akanipisha. Hakusema neno.
Ingekuwa nafuu angenitukana.

Nikawasha moto.
Nikachomelea mdomo mdogo, unene wa kidole gumba,
ulioinama vizuri
ili tone lisipotee kando.

Kwenye ripoti niliandika: kiwiko cha tatu
kimerekebishwa.
Nikatia saini, jina lote,
hata la babu.