Kumi na Saba

Lukelo anasema nyumba yetu inanuka kama gari bovu.
Kweli. Julai ya Mafinga nani atafungua dirisha?
Ukungu wenyewe unaingia bila hodi,
basi petroli, oili na majani ya maboga
tunalala navyo chumba kimoja.

Ninazo kumi na saba. Kumi na sita ziko stoo,
moja iko chini ya kitanda, upande wangu.
Hazikati kitu. Wapasua mbao wananicheka:
"Mama Tumwimbe, siku hizi unafuga wagonjwa?"
Ndiyo, nafuga. Dozi yao mafuta ya taa,
kutwa mara tatu.

Hii ya rangi ya chungwa niliikuta Kinyanambo
kwa mnunua vyuma chakavu, iko tayari juu ya mizani
na sufuria iliyotoboka na jembe lisilo na mpini.
Kilo tisa na nusu. Nikailipia kwa kilo, kama nyama.
Manyigu walishajenga ndani ya bomba la moshi.
Pistoni imeng'ang'ania silinda
kama mtoto na khanga ya mama yake
siku ya kwanza ya shule.
Sikuivuta. Niliimiminia mafuta
nikaiacha wiki tatu.

Watu hawajui: kazi hii nusu yake ni kungoja.
Nusu nyingine ni mswaki wa zamani.

Utomvu wa msindano ukikaa miaka thelathini
unakuwa mgumu, kahawia, kama sukari guru;
lakini uchokonoe kwa ukucha,
unanuka jana.
Chini ya utomvu, rangi. Chini ya rangi, kwenye mshikio,
mikato ya kisu: minne mirefu,
wa tano umeanzwa, haukumalizwa.

Ringi niliagiza Makambako, zikaja za pikipiki,
nikazipunguza kwa tupa hadi zikakubali.
Gasketi nilikata kwenye boksi la biskuti.
Diaframu ya kabureta, hapo sitasema nilitumia nini.
Mafundi wenzangu wana wivu.

Kihwele alikuja kudai deni la viazi, gunia moja,
si kwa ajili ya mambo haya.
Miaka ishirini na sita aliangusha miti shambani kwa serikali,
ikapandwa mingine, ikakatwa, ikapandwa tena;
masikio yake ndiyo hayakuchipua.
Enzi hizo nani alijua habari za kuziba masikio?
Wengine walitia pamba, wengine walitia ulanzi,
ila huo waliupitisha mdomoni.

"KAMWENE!" akanguruma, kuku wakatawanyika.
Kisha akaiona mezani.
Deni likamtoka kinywani.

Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta.
Ya tatu ikatema moshi wa bluu, ya nne ikashika,
na meza yote ikaanza kutembea.
Kihwele akaweka kiganja juu ya mfuniko,
akafumba macho kama anayepima homa.
Nikangoja sifa.
"INAKULA HEWA!" akapiga kelele. "KUSHOTO! GASKETI!"

Siku nne nilikuwa nimeisikiliza
kwa masikio mawili mazima.

Nikaizima. Akabaki ameishika.
"Ni yako?" nikamuuliza kwa vidole.
"SI YANGU. YANGU MKE WANGU ALIIUZA, ADA YA SEVERINA."
Lakini kidole gumba chake kilikuwa kinapita
mkato wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne,
bila yeye kutazama,
kama mtu anavyopapasa swichi gizani, nyumbani kwake.
Kwenye wa tano kikasimama.

Sikuuliza ni miti, ni miezi, au ni watu.

Viazi nimemlipa nusu.
Lukelo anashangaa, hela ya nusu nyingine si ipo kabatini?
Ipo.
Na ile gasketi ya kushoto
bado sijaibadilisha.