Dakika Tatu Mbele ya Bodi

Mwenyekiti, umenipa dakika tatu.
Karatasi yenu inasema "ufanisi",
neno laini, kisu kilichoviringishwa kwenye taulo.

Basi niwaambie ya Alhamisi, ghorofa ya pili,
mvua ya Wales ikichapa madirisha,
na Mererid, mkutubi, akijifanya haoni
kuwa nimelalia kitabu cha anatomia.
Nimetoka zamu, sare yanuka dawa ya sakafu.
Aliniwekea chai. Akaniamsha saa tatu kasorobo
nisikose basi la mwisho.

Hilo mmeliandika safu ya ngapi?

Gethin, anayesomea ufundi bomba,
herufi zilikuwa zikimtawanyikia kama siafu.
Kile chumba kidogo kando ya lifti,
mnachokiita "nafasi isiyotumika",
ndimo alimosoma barua ya mama yake
mara ya kwanza, bila kumwomba mtu.
Alilia. Akasingizia mafua.

Mnasema vitabu vyote sasa vimo kwenye simu.
Simu yangu ina ufa, na bando hukata tarehe kumi.
Mnasema ipo namba ya kupiga tukizidiwa.
Nimeipiga.
Imenipigia muziki.

Nimesikia kengele, namalizia.
Akiba haiozi, najua,
ila sijui mnamwekea nani
ikiwa sisi ndio tunaopunguzwa.

Mererid yule, kiti cha nyuma, hapigi makofi.
Ameshika funguo.
Mwulizeni nyinyi wenyewe:
kesho afungue saa ngapi?