Tanbihi ya Ishirini na Tatu

Wa kwanza hakumuuliza mtu.
Karani wa kampuni, aligonga kwa mashine:
*Daraja la kijito cha Nambelu limebomoka.
Hasara: tani tatu za chuma, siku tisa za kazi.*
Karanga za Nachingwea zingechelewa. Basi.
Faili likalala bomani Lindi
hadi mchwa wakalisoma kabla yetu.

Wa pili alikuja mwaka sabini na nne, kijana wa Mlimani,
suruali pana, kinasa sauti begani kama mtoto mgonjwa.
Alikuwa akitafuta mgomo.
Baba hakuwahi kugoma, ila aliona haya
mgeni atoke mbali kote kule aondoke mikono mitupu;
akamtungia mgomo mdogo, wa siku moja.
Na waliokufa? Saba, baba alisema, saba hivi.
"Hivi" haikuandikwa.
Chini ya ukurasa, kwa herufi za sisimizi:
*H. Chingwile, mahojiano, Mtama.*
Sisi ni Chinguile.

Wa tatu hakufika.
Alikuwa na kitabu cha wa pili na taa nzuri ya mezani
mahali penye theluji. Aliandika
kwamba mgomo wa Nambelu una uzito
kuliko tulivyodhani.
Tulivyodhani akina nani?
Huko jina letu likawa Chungwile,
na baba alikwishazikwa,
hakuweza tena kuufuta mgomo wake.

Reli yenyewe waliing'oa zamani.
Kipande kimoja kinaning'inia shuleni kwetu.
Nimekigonga miaka ishirini na sita, kila zamu yangu,
kisha nikaingia darasani kufundisha
mapinduzi ya viwanda ya Uingereza.

Wa nne, Tekla Nampunju, mtoto wa Ndanda,
alifika na daftari la mishahara ndani ya simu.
Akaikuza picha kwa vidole viwili:
majina kumi na moja, yamekatwa kwa wino mwekundu,
tarehe moja.
Akauliza habari ya mgomo. Nikamwambia ukweli:
baba yangu alikuwa mkarimu.
Hakucheka. Aliandika na hilo.

Mwaka ule wa sabini na nne mama alileta maji
na sahani ya korosho, akarudi jikoni.
Safari hii pia alileta maji, akageuka,
na Tekla akamuuliza mgongo wake:
Mama, kambini nani alikuwa anapika?

Mama akasimama.
Akajifuta mikono ambayo haikuwa na maji.
"Uji nilipika mimi. Jioni ile
mabakuli kumi na matatu hayakuchukuliwa.
Lakini wawili walikuwa vijana wa ng'ambo ya Ruvuma,
labda walitoroka tu.
Mungu ajalie walitoroka."

Nilimwona Tekla akiandika kumi na moja,
akaweka alama ya kuuliza,
akaandika kumi na tatu,
alama akaiacha palepale.

Kitabu kimefika kwa kondakta wa basi la Masasi.
Mama hakukiwahi.
Nilianzia nyuma, huko kwa sisimizi.
Tanbihi ya ishirini na tatu: *Binti Litunu, mpishi.*
Na mimi nipo, Chinguile, herufi zote nane.
Kosa nimeliona moja:
anasema mabakuli yalikuwa ya udongo.
Yalikuwa ya bati, Tekla. Kila mtu na lake,
na namba yake imegongwa kitakoni.

Moja tunalo. Mama aliwekea chumvi, nami nikaendelea kuwekea.
Hukuuliza chumvi yetu inakaa wapi,
nami sikujua kwamba hilo ni jibu.

Leo nimeimwaga kwenye gazeti,
nimeligeuza bakuli dirishani, nikasugua kwa majivu.
Mwisho ni nane, inasomeka vizuri.
Ya katikati ni tatu.
Ya mbele ni moja,
au saba.