Pembamba

Dukani kwa Baiju, Kuriyati, nyuma ya soko la samaki,
kiyoyozi kinadondosha maji kwenye kopo la rangi,
na mtoto wa kaka yangu, Muhannad, anataka mshipi usiokatika.
Kamwambia Baiju kwa Kiarabu, usiokatika kabisa,
kisha kanigeukia kwa Kiswahili cha nyumbani:
"Shangazi, upo?"

Upo. Baiju anashusha bobini baada ya bobini:
wa kusuka, kijani, mwembamba kama unywele wa mtoto,
unabeba ratili arobaini na haunyumbuki hata nukta;
nailoni nyeupe ya zamani, inayovutika, inayosamehe;
na ile ya bei kali ambayo samaki, eti, haioni majini.

Wiki iliyopita walirudisha dhahabu.
Mkufu, pete, bangili tano,
ndani ya mfuko wa duka la viatu.
Nyumbani hatulitaji. Tunataja joto,
tunataja bili ya umeme.

Nikamwambia: wa kusuka mzuri, uwe juu.
Chelezo kikigutuka, mkono umeshajua.
Lakini usiuteremshe mpaka kwenye ndoana.
Pale ukutani chini kuna mawe, kuna minyororo,
kuna dema la waya aliloliacha mtu asiyejulikana.
Ndoana itanasa. Si mkosi, kunasa ndiyo kazi yake.
Na mshipi usiokatika, ukinasa,
unakukata wewe.
Nikamwonyesha kidole cha shahada, kovu lake jeupe.
Akaliangalia kama risiti.

Baiju akaleta jagi la plastiki,
akatia maji, akatia chumvi kwa kiganja,
maana maji ya bomba hayabebi kama ya bahari,
akaning'iniza risasi yenye manyoya ya waridi.

Chelezo cha kwanza, kinene kama yai la njiwa,
kikasimama kwa kiburi, hakina habari.
Kolikoli ataonja, atatema, atakwenda zake,
nacho bado kimekenua.
Cha pili kikaenda chini na mzigo wake, tukakitoa kwa kijiko.
Cha tatu, gramu saba kwa gramu saba,
kikashuka hadi shingoni,
kikabakisha ncha ya machungwa,
kichwa cha kiberiti, basi.

"Hicho," nikasema.
"Kinachokaribia kuzama ndicho kinachosikia."

Mamangu alikuwa akisema kamba hukatikia pembamba,
akisema hivyo kama mtu anayefunga dirisha.
Baiju hajui Kiswahili. Amekata nailoni ya ratili nane,
urefu wa mkono, akaifunga chini ya chelezo,
akalowesha fundo kwa mate, akavuta.
Kiarabu chake cha dukani: "Hapa kata. Juu salama."
Kumbe pembamba napo pana mwenyewe wa kupachagua.

Usiku, ukutani, abaya nimeikunja hadi kiwiko.
Taa za bandari zimetanda manjano juu ya maji mazito.
Mtupo wa nne, ncha ikatoweka.
Muhannad akavuta, fimbo ikapinda, ikabaki imepinda.
Si samaki. Samaki hujibu.

Akavuta tena, meno nje,
kitu kikaachia huko chini bila sauti,
na chelezo kikaibuka, kikacheza, kikaja chenyewe.
Akakishika. Akahesabu: ndoana moja,
baisa mia sita, mkono mmoja wa nailoni.
"Hiyo tu?"
"Hiyo tu."

Akaanza kufunga nyingine. Fundo likafunguka.
Likafunguka tena.
Nikajishughulisha na chupa ya chai.

"Bangili zilikuwa sita," akasema, macho kwenye uzi.
"Najua. Nilikwenda nawe kuzinunua."

Akalowesha fundo, akavuta, likashika.
Chelezo kikatua mbali, kikayumba,
kikajitafutia shingo yake majini.
Tukakodoa macho sote wawili
kwenye kichwa kile cha kiberiti.