Fundo la Ukumbi wa Tisa

Treni ya Gdańsk inaondoka saa kumi na dakika kumi.
Kaka yangu Zbyszek amenichorea ratiba nyuma ya bahasha:
kasri la mwenye kiwanda na dari lake la dhahabu,
makaburi ya matajiri, barabara ndefu yenye sanamu za shaba,
halafu supu. Makumbusho ya nguo ameyaandika pembeni,
kwa penseli, kama mtu amtajaye shangazi asiyependwa:
"ukinyeshewa."

Nikanyeshewa.

Jumatano hawatozi kiingilio. Koti langu likapewa namba,
nami nikapewa vizibo vya masikio, rangi ya chungwa,
bila maelezo.

Kumbi nane nilizipita kama mtu anayehesabu nguzo za umeme:
vifungo, sampuli za kitani, picha ya mwenye mali
na masharubu yake, picha ya mgomo, nyuso zisizo na majina,
mkasi uliowahi kukata bendera ya mtu fulani.
Huu ndio ugonjwa wangu katika majumba haya:
nasoma kibao kwanza, kitu nakipa macho yaliyobaki.

Ukumbi wa tisa, mashine thelathini zimesimama safu safu,
nyeusi, zimepakwa mafuta, hazina pa kwenda.
Kwenye kiti cha plastiki, Bi Genowefa Pietrusiak,
sare ya buluu, viatu vya mtu aliyesimama miaka mingi.
Kibao kinasema: "Ilitumika hadi kiwanda kilipofungwa."
"Ilitumika," anasema yeye, akitazama dirisha,
"utadhani ilijitumia."
Miaka ishirini na sita, mashine namba mia na kumi na nne.
Ile pale. La, si hiyo; hiyo ilikuwa ya Halina, ilikuwa na kiburi.

Kila saa inapogonga, kijana aitwaye Kacper huwasha moja
kwa dakika tatu, ili wageni wasikie.
Nikajua kazi ya vile vizibo.
Sakafu ilipanda kupitia soli. Meno yakaitikia.
Panya wa mbao, uzi tumboni, akapigwa huku, akapigwa kule,
mshindio ukipenya mtande
kwa haraka ambayo jicho huikubali tu bila kuiona.
Mashine moja. Nikajaribu kuzidisha kwa thelathini,
kisha kwa zamu tatu; nikaacha.

Hapo ndipo Bi Genowefa alipofungua mdomo.
Si kwangu. Ng'ambo ya ukumbi, kwa mwenzake wa mlangoni,
mnene, mwenye miwani inayoning'inia: midomo tu,
mipana, taratibu, kama mtu anayetafuna neno kabla ya kulimeza.
Yule akajibu. Wakacheka hadi mabega yakatikisika,
na kelele zile zote hazikuwapunguzia hata silabi.
Nikaangaza huku na huku. Hapakuwa na kibao.

Kisha uzi mmoja ukakatika.
Kacper hakuuona, alikuwa akiwaonyesha watoto wa shule mkanda wa mota.
Bi Genowefa akainuka, goti moja likigoma,
akaivuka kamba nyekundu, akazima, vidole viwili, mate kidogo,
fundo. Akawasha. Akarudi akaketi.
Kufumba na kufumbua ni muda mrefu kuliko huo.
Mtoto mmoja akanyoosha mkono.
"Haiguswi!" akamfokea, mafuta yangali kwenye kidole gumba chake.

"Alisema nini yule mwenzio?" nilimuuliza kimya kiliporudi.
Akanikagua kuanzia viatu.
"Alikusema wewe," akajibu, na hakuongeza.

Kasri sikuliona. Dukani wanauza kile kinachofumwa
katika dakika tatu tatu za siku, wamekikata vitambaa vya kufutia vyombo.
Nikanunua kimoja, nikakipapasa uzi kwa uzi
kama mtu anayetafuta chawa, tangu stesheni hadi Kutno.
Hakina fundo. Fundo lake limo kwenye kitambaa
ambacho siku hiyo kilikuwa kingali mashinani,
na atakayekipata atafutia glasi,
atahisi kitu kidogo kama punje ya chumvi,
atadhani ni kasoro.